Michoro ya Kolo (Kondoa): wale watu watano wanamteka binti, au tunadanganyana?

#1 Bonde_la_Bubu
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja kwenye hoja.

Ukipanda kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, lazima utaoneshwa watu watano wembamba, warefu kupita kiasi, waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wa katikati ana matiti, kwa hiyo ni mwanamke. Wawili wako upande huu wake, wawili upande ule, na mikono imeshikana. Maelezo yanayotembea ni kwamba binti anatekwa: wa upande mmoja wanamvuta wamchukue, wa upande wa pili ni watu wa kwao wanamng'ang'ania. Maelezo hayo yana mwenyewe. Ni mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya huko mwaka 1951 na kuchapisha kitabu mwaka 1983. Tangu hapo kila mtu anayarudia kana kwamba aliyechora aliacha barua.

Mimi nasema si utekaji. Waangalie wale wawili wa kulia, vichwa vyao havifanani na vichwa vya watu, ni kama wamevaa vinyago. Mtekaji gani anajipamba kabla ya kwenda kuteka? Halafu watu wote wa Kolo wamechorwa warefu na wamepinda, hata waliosimama peke yao. Kwa hiyo huwezi kusema mpindo wa hawa watano unaonesha purukushani.

Mnaosema ni utekaji leteni hoja. Na wenye maelekezo ya kufika huko wayaweke humu humu, watu wengi wanapita Kolo kwa basi bila kujua wamepita wapi.

#2 Pimbi_Mkavu
Nimekaa siti ya mbele. Uzi huu ukifika ukurasa wa pili atatokea mtu kusema walichora Wajerumani.

#3 Kwamtoro_Asilia
Bonde, umegusa penyewe. Vichwa ndiyo ufunguo.

Usandawe, nchi ya Wasandawe, ambako leo ni Wilaya ya Chemba (ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012), kuna ngoma ya simbo. Wachezaji hupandisha, na aliyepandisha hujiona simba, anapambana na wachawi. Mtu akifika hali ile haachwi peke yake, anashikwa huku na huku asianguke au asijiumize. Sasa rudi kwenye picha: mmoja katikati, ameshikwa pande zote mbili, na walio upande mmoja hawana sura ya kawaida ya binadamu. Mwanaakiolojia David Lewis-Williams wa Afrika Kusini aliisoma picha ile kwa njia hiyo, kwamba ni mambo ya kupandisha na si tukio la barabarani. Imogene Lim naye alifanya utafiti Usandawe kwenyewe na kuunganisha michoro na simbo pamoja na nguvu inayoitwa iyari, ile inayohusishwa na kuzaliwa kwa mapacha.

Ule urefu nao una maelezo. Watu waliopandisha mara nyingi husema wamejihisi wanavutika, wanarefuka. Mchoraji hakukosea vipimo.

#4 Mama_Ulezi
Kijana, umeeleza vizuri ila umeruka jambo. Mwanamke katikati, watu wazima wawili kila upande, wengine wamefunika sura. Kwa nini isiwe mwali? Nusu ya makabila ya nchi hii yana siku ambayo msichana hushikwa mikono na kupelekwa asikokujua, na wanaompeleka hawaoneshi nyuso zao. Ukiliangalia tukio hilo kutoka mbali utasema kweli anatekwa, kumbe mama yake ndiye kapika pombe.

#5 Jiwe_Gumu
Mama Ulezi shikamoo. Hoja yako naipenda, ina tatizo moja tu. Vinyago vya unyago na jando tunavijua zaidi kwa Wamakonde na majirani zao kule kusini. Kuvihamishia Kondoa, tena kwa wawindaji wa zamani, kunahitaji daraja.

Tatizo hilo hilo analo Kwamtoro. Lewis-Williams alijenga nadharia yake kwa Wasan wa kusini mwa Afrika, kisha akaileta Kondoa kwa sababu Wasandawe nao, kama Wasan, wana sauti za kubofya (zile za kugonga ulimi) katika lugha yao. Sauti za kubofya si hati ya kumiliki mwamba. Wahadza wa Ziwa Eyasi nao wanabofya, na lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na Kisandawe.

#6 Mama_Ulezi
Marahaba. Daraja nitalileta, wewe tunza kokoto zako.

#7 Kwamtoro_Asilia
Jiwe, daraja langu lipo. Mwaka 2021 jarida la Antiquity lilichapisha michoro ya pango la Amak'hee 4 ndani ya Pori la Akiba la Swaga Swaga, iliyoelezwa na Maciej Grzelczyk. Pale katikati kuna watu watatu wenye vichwa vinavyokumbusha nyati. Hapo ni Usandawe, siyo Kalahari kwa Wasan. Kabla yake Eric ten Raa aliyefanya kazi Usandawe miaka ya 1960 alikuta wazee wanazo habari za uchoraji, na dhabihu za ukoo zinafanyika kwenye vilima vyenye miamba.

#8 Konda_Mstaafu
Wasomi endeleeni. Mimi naleta njia, maana aliomba.

Barabara ya Dodoma–Babati ni lami yote, km 251. Kolo iko juu ya barabara hiyo, kaskazini ya mji wa Kondoa. Kutoka Dodoma weka km 180 hivi, kutoka Babati km 80 hivi. Panda basi lolote la Dodoma–Arusha linalopitia Kondoa, lakini mwambie konda mapema kuwa unashuka Kolo, tena mkumbushe mkiondoka Kondoa mjini. Dereva akishashika mwendo hapo hasimami kwa kijiji kidogo.

Ukishuka, USIENDE mlimani. Ofisi ya Mambo ya Kale iko hapo hapo Kolo, na ina makumbusho madogo. Unalipia kibali, unapewa mwongozaji, ndipo unaondoka. Ukijipeleka mwenyewe mlinzi atakurudisha, na utakuwa umeshapoteza asubuhi.

Kutoka ofisini hadi chini ya kilima cha Mungomi, chenye michoro yenyewe, ni km 9 kuelekea mashariki. Njia ni ya vumbi na inakatiza makorongo ya mchanga. Gari la 4x4 linafika hadi mguuni mwa kilima, bodaboda pia. Kutembea inawezekana, ila weka saa mbili hadi mbili na nusu kwenda, kisha kipande cha mwisho ni kupanda mwinuko mkali kwa miguu, na hicho hakina bodaboda.

#9 Pimbi_Mkavu
180 + 80 = 260. Barabara yako ni 251. Hizo km 9 ndizo za kwenda mlimani?

#10 Konda_Mstaafu
Ndiyo maana nikaandika "hivi". Namba za vitabu vya safari zimezungushwa. Wewe ukipimwa kwa kamba nauli itashuka?

#11 Fundi_Kamera
Nyongeza kwa Konda. Kwa anayetaka picha, muda ni kila kitu. Jua likipiga moja kwa moja kwenye mwamba, wekundu unafifia na kinachobaki ni vivuli vya mikwaruzo ya jiwe. Subiri mwamba uwe kivulini wote, au nenda siku ya mawingu. Ikibidi kupiga na jua, mtu asimame akinge mwanga kwa shuka au mwavuli mweupe, asiuguse ukuta.

Flashi zima. Kila mchoro piga mara mbili: mbali ili mwamba mzima uonekane, kisha karibu, kamera ikitazama ukuta uso kwa uso, siyo kwa pembe. Weka kipimo kidogo kando ya mchoro, rula ya sentimita 10 inatosha, bila kukigusisha. Kama kamera inaruhusu faili ghafi zisizobanwa, tumia hizo. JPEG iliyobanwa sana inakuja kuharibu hatua inayofuata.

Hatua yenyewe ni programu ya DStretch, ya Jon Harman, inayofanya kazi ndani ya ImageJ, programu ya kuchambua picha. Inachukua rangi zinazokaribiana sana na kuzivuta ziachane. Fungua picha, chagua kitufe cha rangi: LRE au YRE kwa wekundu, YWE kwa weupe, YBK kwa weusi. Nguvu anza na 15. Ukipandisha sana utaanza kuona michoro ambayo haipo, kumbe ni punje za picha na madoa ya maji. Ndiyo maana picha ya asili unaitunza, na kila unachodai umekiona unarudi kukihakiki kwenye picha ya kawaida.

#12 Tandala_Mweusi
Mbona mnajitesa? Mwagia maji kidogo, michoro inawaka yenyewe. Mbinu ya siku nyingi.

#13 Jiwe_Gumu
Tandala, futa bandiko hilo kabla mtu hajakusikiliza.

Maji yakipita juu ya mwamba yanayeyusha chumvi na madini, yakikauka yanaacha utando mweupe juu ya rangi. Leo imewaka, baada ya muda imefunikwa na utando usiotoka bila kutoka na rangi. Baadhi ya sehemu unazoziona Kondoa zimefifia kana kwamba kuna moshi mbele yake ni kwa sababu ya wajanja wa namna hiyo. Kidole nacho ni hivyo hivyo, mafuta ya ngozi yanashika vumbi. Na chaki ya kupitishia mstari, anayeitumia angefungiwa kabisa.

Maadui wengine hawazuiliki kirahisi: nyigu wanajenga vichuguu vya udongo juu ya picha, mkojo wa pimbi (siyo wewe #2) unaacha michirizi, matawi ya miti yanasugua ukuta upepo ukivuma, mbuzi wanajikuna. Juu ya yote mwamba wenyewe unabanduka tabaka kwa tabaka, kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku.

#14 Pimbi_Mkavu
Nimesingiziwa mchana kweupe.

#15 Mzee_wa_Pahi
Vijana, mmeng'ang'ana na nyekundu peke yake. Kuna nyeupe.

Nyekundu ni kazi ya brashi nyembamba, mistari mingine ni miembamba kweli kweli. Ni ngeu iliyosagwa, ile yenye chuma, ikachanganywa na kitu cha kushikisha, pengine mafuta ya mnyama. Wamechora pofu, twiga, tembo, na watu wenye nywele zilizotunzwa. Nyeupe ni kazi ya kidole: nene, miduara, mistari, alama zisizo na sura, na wanyama wachache. Panapokutana zote mbili nyeupe hukaa juu, kwa hiyo ilikuja baadaye. Nyeupe zinahusishwa na wakulima na wafugaji waliofuata. Kwa anayetaka kuziona, kijijini Pahi ndiko kwake. Asiishie Kolo akasema amemaliza Kondoa.

Eneo lote lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 ni kilomita za mraba 2,336. Miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Leakey peke yake aliorodhesha maeneo 186 na kunakili michoro kama 1,600.

#16 Nusu_Tikiti
Mzee shikamoo. Kutoka 150 hadi 450 ni makadirio gani hayo? Si wahesabu tu?

#17 Mzee_wa_Pahi
Marahaba. Uhesabu nini? Ukuta mmoja mrefu una makundi matatu ya picha, yameachana hatua ishirini. Huo ni mwamba mmoja au mitatu? Na mwamba wenye doa jekundu lisilosomeka unauhesabu au unauacha? Huyu atapata 150, yule 450, na wote wamepita njia ile ile.

#18 Tandala_Mweusi
Sawa, maji nimeyaondoa. Ila umri sasa. Hiyo michoro ina miaka 40,000, hapo hakuna ubishi.

#19 Jiwe_Gumu
Ubishi upo, tena mkubwa.

Hiyo namba inatokana na uchimbaji. Pango la Kisese II, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, lina tabaka zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 40,000. Humo mmetoka shanga za maganda ya mayai ya mbuni na vipande vya ngeu. Watu wakaunganisha: ngeu ipo chini, michoro ipo ukutani, basi umri ni mmoja. Lakini ngeu ilitumika kupaka ngozi, kupaka mwili, hata kuchanganya na utomvu wa kugandishia mipini. Kipande cha ngeu kwenye tabaka hakithibitishi kwamba kuna aliyechora ukutani siku hiyo.

Rangi yenyewe ni chuma na oksijeni. Haina kaboni, kwa hiyo kipimo cha kaboni hakina cha kushika isipokuwa mafuta yaliyochanganywa yawe yamesalia, na hayo yanachafuliwa na vitu vipya kwa urahisi.

Halafu tazama mahali penyewe. Haya si mapango marefu ya gizani. Ni miamba iliyoinama kidogo, upepo na mvua ya pembeni vinafika. Rangi kukaa miaka 40,000 kwenye uso unaobanduka? Maelezo ya UNESCO yenyewe yanasema angalau milenia mbili, na nadhani hapo ndipo pa kusimama.

#20 Kwamtoro_Asilia
"Angalau" ni sakafu, siyo dari. Kwenye nyekundu mifugo ni nadra sana. Ng'ombe walifika kaskazini mwa Tanzania miaka elfu kadhaa iliyopita. Kama wachoraji wangeishi miongoni mwa wafugaji muda wote huo, ng'ombe wangeonekana kila mahali.

#21 Jiwe_Gumu
Au hawakupenda kuchora ng'ombe. Kutochora kitu si ushahidi kwamba hawakuwahi kukiona.

#22 Bonde_la_Bubu
Nirudi kwa Jiwe, una jambo jingine uliwahi kuligusa kwenye uzi mwingine: aina ya mwamba. Maelezo ya UNESCO yanasema ni miamba ya mashapo, yaani ya mchanga na tope lililogandamana.

#23 Jiwe_Gumu
Yanasema hivyo, na kila mwanajiolojia anayefika Kolo anakuna kichwa. Vilima vya Irangi, nchi hii ya Warangi, ni vya miamba ya kale ya msingi, graniti na jamaa zake, iliyopasuka kwa nyufa za Bonde la Ufa. Mabamba makubwa yameteleza na kuegemeana, chini yake ndipo palipochorwa. Ukitaka kuhakiki huhitaji maabara. Okota kipande kilichobanduka chini njiani, siyo ukutani, ukiweke juani. Utaona punje zinazong'aa zimeshikana bila tabaka za mchanga.

#24 Mama_Ulezi
Nimerudi na daraja langu, ila kwanza niseme la Mungomi, maana mnapita tu.

Mungomi wa Kolo siyo makumbusho peke yake. Watu wanapanda kuomba mvua na kutafuta tiba mpaka leo. Warangi wanafanya matambiko pale, na Waalagwa, ambao wengi wenu mnawajua kama Waasi, wanaheshimiwa tangu zamani kwa habari za mvua. Kuna upenyo kati ya miamba ambao mganga huingia, na huko wengine hatuendi. Mgeni akikuta majivu, manyoya au kibuyu, aviache vilivyo. Akikuta watu wako kwenye shughuli, mwongozaji atamwambia asubiri chini, naye asubiri.

#25 Fundi_Kamera
Heshima kwako mama, lakini hapo ndipo penye mgogoro. Sehemu ya tambiko ni kurushia pombe ya nafaka, na inafika mpaka kwenye michoro. Pombe ina sukari na wanga, inakaribisha wadudu na kuvu, na inaacha madoa ya kahawia juu ya wekundu. Mafuta ya dhabihu nayo ndiyo hayo hayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kuharibu. Sasa tunafanyaje?

#26 Mama_Ulezi
Tunafanyaje? Sheria ni ya 1964, mahali pametangazwa kuwa pa kumbukumbu mwaka 1937. Matambiko yalikuwapo kabla ya yote mawili. Na huko UNESCO Kondoa imeingizwa kwa vigezo viwili, cha tatu na cha sita, na hicho cha sita kinahusu mila zinazoishi. Ukizuia watu wa pale umeondoa sababu mojawapo ya jina hilo kubwa.

Jambo la maana ni kukubaliana mahali pa kumimina: chini, kwenye jiwe lisilo na picha. Hilo linazungumzika na wazee. Kinachowaudhi watu ni kuzungumziwa ofisini wakiwa hawapo.

#27 Mzee_wa_Pahi
Naunga mkono. Vizimba vya waya viliwahi kujengwa kuzunguka baadhi ya miamba ili kuilinda. Waya umeishia kwenye mabanda ya kuku na mitego. Ukilinda kitu dhidi ya wenyeji, wenyeji wanachukua kufuli.

#28 Nusu_Tikiti
Hapo hapo kwenye wenyeji, mashimo yaliyochimbwa chini ya miamba ni ya nani? Akiolojia?

#29 Mzee_wa_Pahi
Shimo la akiolojia ni mraba, kuta zimenyooka, na likimalizika hufukiwa. Hayo mengine yenye umbo la shimo la fisi ni ya wanaosaka hazina ya Mjerumani.

#30 Pimbi_Mkavu
NILISEMA. Bandiko #2, someni.

#31 Konda_Mstaafu
Mjerumani kweli alikuwapo. Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya van Deventer liliingia Kondoa Irangi, na Mei mwaka huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akashambulia kutaka kuurudisha mji, akashindwa. Mwaka huo huo Wajerumani walifyatua sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo. Watu wakaunganisha vita, dhahabu na miamba yenye alama za ajabu, ikawa ramani.

Ila fikiri kidogo. Jeshi linalorudi nyuma, limebeba risasi na wagonjwa, linapanda mwinuko wa Mungomi kuzika sanduku chini ya michoro inayojulikana na kijiji kizima? Dhahabu ya Tabora ilifyatuliwa Tabora, nayo ni magharibi huko.

Hasara yake ni kubwa kuliko kuchekwa. Ushahidi wote wa umri anaougombania Jiwe na Kwamtoro uko kwenye udongo ule wa chini. Sepetu moja inachanganya tabaka za maelfu ya miaka kwa dakika kumi, na hapo hata aje nani hazipangiki tena.

#32 Kwamtoro_Asilia
Ukitaja tembo umenikumbusha Fenga. Kule, kaskazini ya Kolo, kuna tembo aliyezungushiwa mistari na watu pembeni. Vitabu vinasema ni mtego wa tembo. Nani ananiunga mkono kwamba si mtego?

#33 Jiwe_Gumu
Wewe hata mtu akichora ugali utasema amepandisha.

#34 Kwamtoro_Asilia
😂 Lakini angalia. Mtego wa tembo kwa kawaida ni shimo lililofunikwa, au mti wenye mkuki mzito unaoning'inia. Boma la kumzungushia tembo mzima linahitaji magogo na watu wengi kuliko kambi ya wawindaji.

#35 Bonde_la_Bubu
Inaweza kuwa njia ya kuchora shimo likitazamwa kutoka juu. Mnyama kwa ubavu, shimo kwa juu, kwenye picha moja. Wachoraji wa zamani hawakuwa na shida na hilo.

#36 Mama_Ulezi
Au ni mvua. Mistari inayomzunguka mnyama mkubwa, watu wakiwa pembeni. Hilo mmeliruka wote kwa sababu mnatafuta nyama.

#37 Nusu_Tikiti
Natoka nje ya mada kidogo. Vilima vya njiani vina miti mingi, lakini makorongo yake yanatisha. Nini kilitokea?

#38 Mzee_wa_Pahi
Mmomonyoko, kijana. Irangi ilikuwa imechunwa ngozi. Mwaka 1973 ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Wakachimba matuta, wakapanda miti. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256. Hilo lilikuwa chungu, watu walitenganishwa na ng'ombe wao, lakini majani na miti vilirudi vyenyewe. Baadaye, kuanzia 1989, ng'ombe wakaanza kuruhusiwa kwa kufungiwa bandani na kulishwa. Ukiwa na siku ya ziada, pita Haubi uone bonde na ziwa lake, linalojaa na kupungua. Na Kondoa mjini usiache kuiona chemchemi.

#39 Fundi_Kamera
Turudi barabarani. Orodha ya mzigo kwa siku moja ya Kolo: maji lita 3 kwa mtu, viatu vilivyofunika kidole (miiba na nyoka), suruali ndefu, kofia, na chakula cha mchana cha kubeba. Nyuki wakiwa kwenye ufa wa mwamba usipige kelele wala kujipulizia manukato, rudi ulikotoka taratibu. Darubini ndogo inafaa kwa picha zilizo juu. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Mvua huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wakati huo mchanga wa kwenye makorongo unageuka kitu kingine.

Malazi: gesti ziko Kondoa mjini na Babati. Wenye mahema waulize ofisini Kolo, kuna sehemu ya kupigia kambi.

#40 Bonde_la_Bubu
Shukrani kwa wote. Mpaka sasa nina utekaji, kupandisha, mwali, na kwa Fenga mtego au mvua. Mama Ulezi, daraja la vinyago bado tunalisubiri.

#41 Mama_Ulezi
Sikusema vinyago, wewe ndiye uliyesema kwenye #1. Mimi nilisema nyuso zimefunikwa. Mtu anaweza kujifunika kwa nyasi, kwa ngozi, kwa majivu. Nyasi hazidumu, kwa hiyo hamtazipata kwenye shimo lolote, hata lile la mraba.

#42 Jiwe_Gumu
Hilo ni daraja la nyasi.

#43 Mama_Ulezi
Na wewe unalipita kila siku.

#44 Tandala_Mweusi
Swali la mwisho wakuu. Tuko wanne, tuna Noah, tunataka Kolo, Pahi na Fenga kwa siku moja, mwezi wa pili. Inatosha?

#45 Konda_Mstaafu
Mwezi wa pili, Noah, Fenga? Iache Noah pale ofisini Kolo mkatafute bodaboda nne. Kolo asubuhi na mapema, Pahi mchana. Fenga mtakwenda mwezi wa saba, na 4x4. Na maji ni ya kunywa, Tandala.